Waya wa Foni na Sashe ya Baba

Ninyi mliokulia Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kabla simu haijaingia mfukoni mnaikumbuka foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa. Yetu ilikaa sebuleni, na Baba ndiye aliyeiendesha. Mtaa mzima ulikuja kuulizia ndugu, nasi watoto tulijua habari za kila ukoo kabla ndagala hazijaiva jikoni.

Mama alichoka na wageni, akaamuru foni ihamie chumba cha nyuma. Waya ukapunguka. Baba akauunga na mwingine nje ya dirisha, akazungushia kiungo vipande vya mpira wa baiskeli kuanzia juu kwenda chini, kisha akakivisha sashe, ule mfuko wa plastiki, na kuifunga kwa juu. "Hapa mvua haiingie hata kidogo," alisema, akajisifu mpaka jioni.

Mvua ya ziwani ikaja. Na kesho yake ndiyo siku ambayo Mama mdogo, mdogo wake Mama, aliagiza kwamba atakuwa hewani kutoka Kigoma. Alikuwa amevuka akikimbia vita, mja mzito, na hatukujua kama alijifungua salama au la. Foni ikakoroma tu. Mama akatoka nje, akafungua sashe, maji yakammwagikia mikononi.

"Baba Furaha! Mudomo ya sashe umeiangalisha yulu. Uko nachota mvua ama uko naikataza?"

Baba akageukia ziwa, akalichunguza sana siku hiyo. Mama alikausha waya kwa kitenge, akaukwangua hadi ukang'aa, akausokota upya na kuupaka nta ya mshumaa. Kisha akazungusha mpira kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini yake, kama tunavyoezeka nyasi. Sashe akaigeuza mdomo chini.

Sauti ikaja, nyembamba lakini safi. "Dada, niko muzima. Mutoto naye iko muzima. Ova."

Mama akalia huku amebana kitufe cha kipaza sauti, na kwenye foni ukibana wewe, mwenzako hasikiki.

"Sema ova, mama!" Baba akamsihi. "Umuachilie naye aseme!"

Tulicheka huku machozi yanatutoka.

Vijana wetu wa leo, mtandao ukiyumba kidogo wanashika vichwa kama wamefiwa. Waambie waunge waya, watatafuta video kwanza. Shangazi yao aliyeko Bukavu wanaweza kumwona usoni, na bado wanamtumia kidole gumba. Nawatania, ila wivu ninao. Mama naye sasa ana simu isiyojali mvua. Baada ya misa huitoa, hupitisha majina kwa kidole, kisha huirudisha kwenye kitenge. Tangu Mama mdogo azikwe kule Kigoma, anasema mtandao ni mzuri, ila hana wa kumpigia.