Mbao Nilizozitoa Kuni

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta ilhali nimeivaa. Nilikuwa kijana pale Kilwa Masoko, najifunza useremala kwa Fundi Mfaume. Tulipewa kazi ya kukarabati darasa, tukang'oa milango ya zamani iliyolika pembeni, mvule mtupu. Fundi akaenda Lindi kutafuta bawaba, akaniachia kazi ya kusafisha uwanja. Nami nikausafisha kwelikweli. Jirani alikuwa anatafuta kuni za kuchomea chokaa, nikampa mbao zote za milango ile, tena nikamsaidia kuzipasua, najiona hodari.

Fundi aliporudi hakupaza sauti. Aliokota kipande kimoja kilichosalia, akakipangusa.

"Mbao hii ilikwisha kujipinda ilipotaka kujipinda," akasema. "Hiyo mpya utakayoleta bado haijaanza."

Tukaunda milango ya mbao mbichi, ndizo zilizopatikana. Masika ilipoingia milango ikajipinda, ikagoma kufunga, watoto wakalowa darasani. Wazazi walipokuja juu, Fundi akasimama mbele yao akasema kosa ni lake. Mimi hakunitaja.

Sasa mwezi uliopita mjukuu wangu Zuhura, anayesomea ujenzi chuo kikuu, akaniita nikawatazamie kazi. Yeye na wenzake walikuwa wameomba wakuu wa chuo wawaache wakarabati ukumbi mchakavu wa mihadhara kwa vifaa vyake vyenyewe. Wakishindwa, vyote vingetupwa jalalani, na wazo lao lisingesikilizwa tena. Nilikwenda na kasoro zangu tayari mdomoni, maana mzee kusifu kazi ya vijana ni shughuli.

Wakanipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikaanza kuchungulia. Mwanangu, nilikosa pa kushika. Mbao za paa la zamani wamezipiga randa zikawa madawati. Ubao wa kufundishia uliopasuka umekuwa milango ya kabati. Hata misumari waliing'oa mmoja mmoja, wakainyoosha kwa nyundo. Nikajilaza sakafuni, na umri huu, nikitafuta pengo chini ya dawati. Sikuliona.

"Babu, wakuu watakubali?" Zuhura akauliza.

Nikamwambia asiyekubali kazi hii hajui mbao. Na kweli, muhula ulipofunguliwa watu waliingia kusoma humo.

Lakini siku ile pale sakafuni moyo ulinijaa, nikawaeleza vijana wale habari ya milango ya Masoko, na kwamba aliyezitoa mbao kuni ni mimi. Sikuwahi kumwambia mtu. Fundi Mfaume amezikwa watu wakijua kosa ni lake.

Basi shika haya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujatupa kitu, kigeuze, kipanguse, uliza kimepitia nini. Na ukikosea akakusitiri mtu, usingoje uzee ndipo useme. Sema angali anasikia.

Mungu akupe mikono isiyoharibu, akujalie na wa kukusitiri, na akupe ulimi wa kumshukuru mapema kuliko mimi. Amina.