Rojo la Jibini Lisiloogopa Hotuba

Mlio wa kinu unasikika kabla hujaingia uani. Ni Jumamosi asubuhi mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, wakati wa kufua na kufagia, na majirani hapa wanaujua mlio wa mpunga na mlio wa kisamvu. Huu ni mwingine. Ni mzito, unanata, kama mtu anayetwanga tope.

Bibiana Maximilian hatwangi tope. Anatwanga jibini.

"Usisimame hapo, utarukiwa," anamwambia mgeni bila kuacha mchi. Anatupia kitunguu saumu, anatwanga tena, anakwangua pembeni kwa mwiko na kuonja kwa ncha ya kidole. "Bado lina chenga. Likibaki na chenga, mtu anadhani maziwa yameharibika."

Jioni ya leo jibini hilo litakuwa rojo la moto la kuchovya, kwenye sherehe ndogo ya kuzaliwa ya mwalimu Theodosia, anayefundisha chuoni hapa mjini. Wageni watachovya mihogo ya kukaanga, vipande vya chapati na ndizi mzuzu. Ukiitazama hivyo, ni kazi nyepesi.

Kwa Bibiana si nyepesi hata kidogo. Miongoni mwa waalikwa ni Levina, msimamizi wa nyumba ya wageni huko Mang'ula inayolaza watalii wanaopanda Milima ya Udzungwa. Levina anatafuta mpishi wa vitafunwa vya kila Jumamosi jioni. Amesikia habari za rojo la Bibiana. Bahati mbaya, amesikia pia habari za kipaimara.

Habari za kipaimara Bibiana huzisimulia mwenyewe, kabla hujamuuliza. Mwaka jana familia moja ilimpa kazi ya kuandaa vitafunwa. Akaleta rojo likitoa mvuke, akaliweka mezani kwenye bakuli kubwa la kioo, akasimama pembeni akijisikia vizuri.

Ikaja sala. Akaja msimamizi wa kipaimara na nasaha zake. Akaja shangazi, akaja mwenyekiti wa jumuiya, akaja mtu wa kwaya. Na kwa desturi ya sherehe za hapa, hakuna mkono unaogusa chakula kabla hotuba hazijaisha.

"Nilipoenda kuangalia, kijiko kilikuwa kimesimama chenyewe," anasema. "Mjomba mmoja akakivuta. Bakuli nalo likaja."

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Gundi.

"Hata watoto wakienda shule wanaita, 'Shikamoo, Mama Gundi.' Naitikia marahaba. Nifanyeje? Wamesalimia."

Bibiana ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Mkubwa anaitwa Tekla. Wazazi wa Bibiana walishuka kutoka Mahenge kuja kulima mpunga bondeni. Alipomaliza darasa la saba alikaanga vitumbua kando ya barabara pale Mkula, akila vumbi la malori, kisha akapata kazi ya jikoni kwenye hosteli moja. Huko ndiko alikomwona mgeni mmoja akiyeyusha jibini la dukani na maziwa na pilipili, wenzake wakachovya mkate mpaka sufuria ikang'aa.

"Wakanipa nionje. Nikaonja, nikarudia, nikajifanya nahakikisha chumvi."

Hosteli ilipofungwa, alirudi nyumbani na wazo hilo. Lakini jibini la dukani Ifakara ni la kubahatisha. Linatoka mbali, bei yake ni ya wageni, na umeme ukikatika siku mbili unalitupa. Akaamua kutengeneza lake.

Maziwa huletwa na Siwema, mfugaji wa Kisukuma anayekaa upande wa pili wa daraja, kule Kivukoni. Hufika kwa baiskeli, dumu limefungwa nyuma kwa mpira. Ni rafiki yake, ila jambo moja hajalikubali mpaka leo.

"Haya, Mama Tekla," anasema Siwema akishusha dumu, "leo unayaharibu yote?"

"Yote."

"Kwetu mtu akikamulia ndimu kwenye maziwa, tunaita kikao cha ukoo."

"Kiite. Nitawapa waonje, na mwenyekiti atakuwa wa kwanza kulamba sahani."

Siwema anacheka, lakini haondoki. Anavuta kigoda. Ametoa maoni yake, sasa anataka kuona.

Bibiana huchemsha maziwa, hukamulia ndimu, na yakikatika huyachuja kwa kitambaa cheupe na kuyaning'iniza yakauke. Lita tano hutoa jibini lisilofika kilo. Maji yanayobaki huchanganyia pumba za kuku. Kwake hakitupwi kitu.

Alikosea mwanzoni, na anasema kila anayejaribu atakosea vilevile. Jibini la ndimu haliyeyuki. "Nililikatakata nikaliweka motoni, nikangoja. Mkaa ukaisha. Vipande vikawa vinanitazama tu."

Ndipo akakumbuka kinu. Alilitwanga kama karanga mpaka likawa laini. Akakaanga kitunguu na nyanya kwa samli, akaongeza maziwa, akakoroga unga kidogo wa mchele ili rojo lishikane, kisha akaingiza jibini kijiko kwa kijiko juu ya moto mdogo. Pilipili mwisho. "Usiache lichemke. Likichemka linatengana, na likitengana hulirudishi hata kwa maombi."

Rojo likawa tamu. Tatizo lililobaki lilikuwa hotuba.

Hapo kinaingia kitu kilichoegemezwa ukutani: kapu kubwa la ukindu, ndani yake gunia lililojazwa pumba za mpunga, katikati shimo la kuenea sufuria. Juu kuna mto wa kufunika, nao umejaa pumba. Ifakara pumba si kitu cha kununua. Kila mashine ya kukoboa ina kilima chake nyuma.

Ujuzi huo ni wa mama yake, Balbina. Msimu wa kilimo familia ilihamia shambani, mbali na mji, na Balbina alipika wali asubuhi, akauzika kwenye kapu la pumba, kisha wote wakashuka majarubani kupalilia mpunga. Wakirudi mchana wali ulikuwa unaunguza vidole.

"Nimekula wali wa kapu utoto wangu wote," anasema Bibiana. "Halafu nikaenda kuaibika na bakuli la kioo. Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini."

Jioni, uani kwa mwalimu Theodosia, viti vya plastiki vimepangwa na muziki uko chini. Mwenye nyumba amevaa gauni jepesi na ndala. Anamshika Bibiana mkono.

"Leo hakuna hotuba, Mama Tekla. Nimewaambia wote. Tunakula, tunacheka, tunaondoka."

"Sawa, mwalimu," anajibu Bibiana, lakini kapu halifungui. Hajaja hata na jiko la kulipashia rojo moto tena, maana likipashwa linaharibika. Kapu likimwangusha leo, hana pa kushika.

Levina amekaa safu ya mbele. Ni dada mkimya wa miaka kama thelathini. Amemwamkia Bibiana kwa heshima na hakugusia kazi. Mara mbili ameangalia kapu.

Mihogo imeshatoka, inanukia. Ndipo Mzee Sylvanus, kaka mkubwa wa Theodosia, mstaafu wa mashamba ya miwa ya Kidatu, anaposimama na kukohoa.

"Sina hotuba," anasema. "Nina maneno mawili tu."

Theodosia anafunika uso kwa kiganja. Watu wanacheka, kisha wanatulia, maana aliyesimama ni mkubwa. Maneno mawili yanaanza na safari ya baba yao kutoka Ulanga. Yanapita kwenye mafuriko, yanaingia kwenye baiskeli ya kwanza ya ukoo, yanageuka kwenda kwa ng'ombe aliyepotea. Mihogo inapoa. Kivuli cha ukuta kinafika miguuni mwa wageni. Bibiana amekunja mikono, mguu mmoja umegusa kapu kama mtu anayesikilizia mlango.

"Na kwa hayo machache," anasema mzee hatimaye, na makofi yanapigwa kwa nguvu kuliko hotuba yenyewe.

Bibiana anainua mto. Anafunua sufuria, na mvuke unapanda mpaka kwenye miwani ya mama mmoja aliyeinama kuchungulia. Anachota, anainua mwiko juu. Rojo linashuka polepole, laini, halikatiki.

Wa kwanza kuchovya ni Mzee Sylvanus. Anatafuna, anachukua muhogo mwingine.

"Mama Gundi," anasema akirudisha muhogo wa pili kwenye rojo, "mbona hii haigandi?"

"Ulitaka igande, baba? Ungeongeza neno la tatu."

Kicheko kinazunguka ua mzima. Levina hacheki sana, kwa kuwa mdomo umejaa. Anachovya chapati, anachovya ndizi, anapiga magoti kando ya kapu na kuingiza mkono kwenye pumba kupima joto. Anapoinuka anapangusa vidole.

"Mama Tekla, wageni wangu wakishuka mlimani huchelewa. Saa wanayosema siyo wanayofika. Utaweza?"

"Wana hotuba?"

"Hawana."

"Basi hao ni wepesi."

Wanakubaliana aanze Jumamosi ijayo, atakwenda na basi la asubuhi, nauli juu ya Levina. Usiku huo sufuria inarudi nyumbani tupu. Siwema, ambaye hakualikwa lakini alitumiwa bakuli, amerudisha bakuli lililolambwa na ujumbe kwamba kikao cha ukoo kimeahirishwa.

Sasa Bibiana anashona gunia la kapu la pili, maana sherehe zitagongana, na Tekla ameanza kujifunza kutwanga. Akijaliwa, anataka kibanda chake cha jibini pale Kibaoni, chenye sinki na sakafu ya vigae, na Siwema amekubali kuongeza dumu moja, ingawa kwa kulalamika.

Kuhusu jina la Mama Gundi, hana mpango wa kulifuta. Watu wamelizoea.

"Waniite tu, na mezani waongee wanavyotaka," anasema, akikata uzi kwa meno. "Rojo langu halina haraka."