Vipepeo weupe, chupa ya Kifaransa na kabichi za msiba wa baba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nimechoka, ila naandika kama ilivyotokea, aibu yangu sipunguzi.

Nimekulia Tanzania ukimbizini, sasa nimerudi nchini kwetu, nalima Butihinda, Muyinga. Baba alifariki mwaka jana, akazikwa kwao Bugendana, Gitega.

Mwezi uliopita ilikuwa kuganduka, yaani kumaliza msiba. Baba mkubwa akasema kila mtoto alete chakula cha shamba lake.

Ndugu wa kule bado wanatuita Watanzania. Kwa hiyo nilitaka sana kabichi zangu zionekane.

Basi wakaja vipepeo weupe. Mwanzoni niliona ni pambo tu la bustani (cheka, ruksa). Kumbe wanataga mayai ya njano chini ya majani. Siku chache baadaye viwavi wanakula jani mpaka inabaki mishipa.

Mama, ninayeishi naye, alikuwa anaponda mayai kwa vidole kila asubuhi, jani kwa jani. Nikamwambia apumzike, hayo ni mambo ya kambini. Nikanunua dawa sokoni, nikapiga bomba zima.

Kesho yake viwavi wote chini. Nikajiona bwana shamba.

Siku tatu kabla ya safari, jirani yetu mwalimu akaiona ile chupa. Maandishi yote Kifaransa, na mimi nimesoma shule za Kitanzania. Akanisomea: usivune mpaka wiki tatu zipite. Mimi nilikuwa nimepiga wiki ile ile.

Nilikaa chini pale kwenye tuta. Wazo la kuziosha tu vizuri na kunyamaza lilinijia, sikatai. Mama akaliona usoni.

"We mtoto, watu wanakuja sababu ya baba yako, we unataka kuwakulisha sumu?"

Tukaziacha shambani. Tukapanda basi na maharage ya kununua. Baba mkubwa akayapokea, akaambiwa ni ya kununua, akauliza kama huko kwetu udongo ni mbovu. Nikasema ni vipepeo. Akacheka, wote wakacheka. Iliniuma.

Nikaingia jikoni kusalimia. Rundo la kabichi, kubwa, kijani, hazina tundu hata moja. Nikauliza nani kalima.

"Kulima wapi?" shangazi akasema. "Binamu yako alinunua sokoni Magarama jana. Iko muzuri, si ndiyo?"

Sahani zikaja. Mama akaniangalia, nikamwangalia. Ukoo mzima unangoja kuona kama Watanzania wanakula chakula cha nyumbani.

Tukala.

Nilichojifunza: kama husomi lugha ya chupa, tafuta wa kukusomea kabla hujaifungua. Sasa naponda mayai na mama kila asubuhi, na inachosha kweli.

Ila nyinyi mnaonunua kabichi safi sokoni, mnajuaje ilipigwa dawa lini? Mwenye jibu aandike hapa chini, maana mimi siku ile sikuthubutu kuuliza.