Kamba ya Buluu Langoni kwa Abina

Ukimtaka mzee Florrie Harrington usimfuate nyumbani. Mtafute mlimani, kule njia ndefu ya waenda kwa miguu inakopanda kutoka bonde la Glenbarra kuelekea upande wa pili wa jimbo la Kerry, huko Ireland. Utamkuta na nyundo, kopo la rangi ya manjano na chupa ya chai, anampaka upya kijitu aliyechorwa kwenye nguzo, fimbo mkononi, na mshale chini yake wa kumwonyesha mgeni pa kwenda. Kondoo hupenda kujikuna kwenye nguzo hizo. Florrie huziita "vijana wangu", na ukimpa nafasi atakusimulia tabia za kila moja: huyu haelewani na upepo, yule ameinama kama mlevi aliyepitiwa na usingizi kanisani.

Ni yeye aliyekwenda nyumba kwa nyumba, enzi hizo nywele zake bado nyekundu, kuwaomba wenye mashamba wawaruhusu watu wapite. Wakakubali kwa mdomo tu. Njia yote hiyo, milima kwa mabonde, imesimama juu ya neno "haya, wapite basi".

Kwa hiyo siku ile alipolikuta lango la Abina Crowley limefungwa kwa kamba ya buluu, ile ya kufungia majani makavu ya ng'ombe, fundo juu ya fundo, aliweka kopo la rangi chini. Nguzo ya pale ilikuwa imeng'olewa, imelazwa chali, kijitu anatazama mawingu. Na Jumapili parokia nzima ilikuwa itembee pamoja na wageni! Bila shamba la Abina njia ilikatika vipande viwili, maana mkono wa kulia ni tope la kummeza punda, na wa kushoto ni barabara ya malori.

Akazunguka mlango wa nyuma, kama jirani yeyote.

"Mungu aibariki nyumba hii!"

"Na wewe pia," Abina alisema, bila kugeuka. Alikuwa anamenya viazi.

Florrie akasema hali ya hewa si mbaya. Abina akasema alishaona mbaya zaidi. Birika limekaa palepale jikoni, baridi, na Abina hakulitazama hata kwa jicho moja. Hapo Florrie akaogopa kweli. Katika bonde lile hata mkusanya kodi hupewa chai kabla ya kufukuzwa.

"Abina, kuna mgeni aliyeacha lango wazi?"

"Wageni hawana neno."

"Mbwa kakimbiza kondoo?"

"Mbwa hata ana afadhali. Mbwa angekuja mazikoni." Kisu kikatua mezani. "Mjomba wangu Con kazikwa Jumanne, Florrie. Nimesimama mbele ya kanisa nikishikwa mkono na watu mpaka vidole vikafa ganzi. Wametoka hadi ng'ambo ya mlima. Mkono wako sikuuona!"

"Lakini nilikwenda!"

"Wapi, wee mwongo mkubwa?"

"Redio ilisema Cornelius O'Sullivan, Jumanne, saa sita! Nikaizima, nikavaa suti, nikaondoka."

Kila asubuhi redio ya huko husoma majina ya waliofariki, na bonde zima hunyamaza lisikilize. Ila husoma majina ya ubatizo, Cornelius badala ya Con, na akina O'Sullivan pale wamejaa kama mawe. Florrie hakungoja kusikia kwamba siku hiyo akina Cornelius O'Sullivan walikuwa wawili.

Abina alimtazama. "Kanisa gani?"

"La pwani."

"Huyo ni Con Mwekundu, yule mwingine! Mjomba kazikwa hapa hapa! Na hukushangaa kwamba sipo?"

"Nilidhani uko nyuma unakata mikate. Nikawashika mikono watu wote wa mstari wa mbele, nikala mkate na nyama ya nguruwe, nikampa pole mjane..."

"Mjane? Florrie, mjomba hakuoa maisha yake yote!"

"Ndiyo maana nilikimbia!" Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mjane, na watoto sita! Nikasema moyoni, kumbe mzee alikuwa na mambo yake. Nikaona nisikusogelee wiki hii, nisije nikaropoka nikakutia aibu."

Abina alifunika uso kwa aproni. Mabega yakaanza kutikisika. Florrie alidhani analia, akainuka kumshika, kumbe mama wa watu anacheka mpaka hana pumzi.

"Watoto sita! Mjomba Con, aliyekuwa akimwona mwanamke barabarani anaruka ukuta!"

Alipofuta machozi, Florrie akavua kofia na kumpa mkono. "Pole kwa msiba wako, Abina."

"Asante, jirani." Aliushika mkono ule kitambo. Kisha akawasha moto chini ya birika. "Utakunywa chai."

"Hapana, nisikusumbue."

"Chai kidogo tu."

"La, la, naondoka sasa hivi."

"Kaa chini, bwana wee!"

Akakaa.

Baadaye akashuka langoni, akamsimamisha kijana wake shimoni na kumshindilia mawe. Halafu akatoa kisu mfukoni.

"Usiikate!" sauti ilitoka dirishani. "Kamba bado nzima hiyo. Fungua!"

"Abina, mafundo haya ulifunga na shetani?"

"Nilifunga na hasira. Fungua polepole, Jumapili bado mbali."