Rangi Nyekundu Mitaa ya Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Msimamizi alinikabidhi beji ya kitambaa na ubao wa kuandikia. "Binti, hatutaki umbea," alisema. "Tunataka kujua watu wanaishije." Ilikuwa miaka ya hamsini, na makarani wa sensa wanawake tulikuwa wachache. Nilichukuliwa kwa sababu wanaume hawakukaribishwa vyumbani mwa kina mama.

Kaya, kwetu makarani, ni watu wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja ya Kariakoo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na kaya kadhaa. Niliuliza: mnalala wangapi humu, maji mnateka wapi, choo mnatumia na nani? Majibu yalikwenda kwa Bwana Mchora Ramani, naye akaipaka mitaa rangi. Mtaa wenye hali mbaya kuliko yote ulipakwa nyekundu.

Mara uvumi ukaenea sokoni kwamba mitaa myekundu itavunjwa.

Nilipofika kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyepangisha vyumba kwa wapagazi wa bandarini, wanaume walikuwa wameziba mlango. Mmoja akaninyang'anya ubao.

"Unatuhesabu ili waje kutuvunjia?"

"Sijui, kaka."

"Mrudishie ubao wake, na asiguswe," Bi Mwanaidi alisema kutoka ukumbini. "Nawe mwanangu, nenda kaulize, kisha urudi."

Nilipomuuliza ofisini, Msimamizi alifoka. "Kazi yako ni kuhesabu!"

"Basi twende ukawaambie mwenyewe, bwana. Mimi sirudi kule bila jibu."

Nilijua naweza kufukuzwa palepale. Badala yake akachukua kofia yake, tukaondoka.

Uani kwa Bi Mwanaidi watu walifurika. Msimamizi akasema, "Mimi nataka ramani hii iwaletee bomba la maji. Wakubwa wangu wakitaka kuitumia vingine, sina uwezo wa kuwazuia."

Bi Mwanaidi akatandika mkeka. "Huyu hakutudanganya. Kaa, mwanangu, uliza."

Bomba lilikuja kweli, likawekwa pembeni mwa mtaa wa Bi Mwanaidi. Lakini mtaa wa nyuma yake, mwekundu vilevile, ulivunjwa, watu wakatawanyika.

Nilidumu katika kazi za takwimu hadi nilipostaafu. Vijana wakiniuliza kama ramani ile ilisaidia, huwaambia kwamba Bi Mwanaidi aliteka maji hatua chache kutoka mlangoni kwake mpaka alipofariki. Wale wa mtaa wa nyuma pia niliwahesabu mimi, chumba kwa chumba. Sijui hata mmoja wao alihamia wapi.