Hatari kwa Mwandiko wa Harusi

Siku mkwewe alipotumbukia kwenye shimo la dhahabu, babu yangu Kalisti alimvuta nje huku amefumba macho.

Msicheke kwanza. Nawapa kisa chote kama alivyonipa mwenyewe.

Ni Geita, miaka ya hamsini mwanzoni. Kalisti alikuwa mchora vibao mgodini, na mapenzi yake yalikuwa mawili tu: Nyamizi, na ule mwandiko wa shule ya misheni.

Herufi nyembamba kama unywele, zimelala upande, zimeshikana mikono, kila moja na kimkia chake.

Alimchorea Nyamizi jina lake kwenye kitambaa cha meza, Nyamizi akalitarizi kwa uzi mwekundu. Hapo mwandiko ulikaa mahali pake. Mtu anausoma ametulia, chai mkononi, hana haraka.

Shida ni kwamba Kalisti aliuweka kila mahali. Mpaka mlango wa choo cha kambi ulipendeza kama kadi ya harusi.

Siku moja Stanslaus, msimamizi wake, akamwambia, "Lile shimo la zamani pale njiani, weka kibao. Watu wasipite."

Kalisti akaandika "Hatari, usipite". H peke yake ilimlia asubuhi nzima. Pembeni akaongeza ua.

Stanslaus akaguna. "Hiki cha shimo au cha maharusi?"

"Uzuri haujaua mtu, bwana."

Kesho yake mzee Bujiku, baba yake Nyamizi, akashuka kwenye lori kutoka Buseresere. Kaja kumkagua huyo anayemtaka binti yake. Akimkataa, hakuna ndoa.

Mzee akafika kwenye kibao. Akasimama, akatabasamu, akapita.

Pwaa!

Kalisti akakimbilia shimoni. Tope lilimfika mzee magotini tu, ila shuka lake lilikuwa limenasa juu kwenye kisiki. Mzee wa watu yuko kama alivyozaliwa!

Na mkwe haonwi uchi. Ukimwona, posa yako umeizika mwenyewe.

Akafumba macho, akanyoosha mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vuta, acha salamu!"

Mzee alipojifunga shuka, Kalisti akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Maandishi yangu hayasomeki."

"Nani kasema? Nimeyasoma vizuri. Hatari, usipite."

"Sasa mbona ulipita?"

"Hatari gani ina maua, ng'wanone, mwanangu? Nikajua mnatania."

Kalisti machozi yakamlenga. Alijua kashamkosa Nyamizi.

Mzee akajipangusa tope usoni, akamtazama weee.

"Mwanaume anayeshindwa kutisha hata akiandika hatari, atampigaje binti yangu? Mchukue."

Ndivyo ukoo wetu ulivyopatikana, kwa kibao kibovu.

Lakini sikilizeni, nyie mnaopenda vimikia. Huo mwandiko pelekeni kwenye kadi, kwenye keki, kwenye jina la mpenzi. Penye shimo, pigeni herufi nene, nyekundu, zisizo na adabu. Siyo kila atakayetumbukia ni mkwe wa kusamehe.