Bismillahi Bila Mshale

Mdomo wangu ndio ulioniponza, na haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekamata usukani, tunatoka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kumrudisha Baba nyumbani, foleni haisogei. Hapa Doha sisi madereva wa majumbani mwenye nyumba tunamwita Baba, hata akiwa amekuzidi miaka kumi tu. Huyu wangu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima, sauti ya kuamrisha, na mkono mgumu ajabu. Chupa ya maji akiinunua leo, mpaka kesho bado anainywa.

"Kwenu Tanzania wanyama ni wengi?" akaniuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Wengi, Baba."

"Wewe umewahi kuwinda?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Mimi mtoto wa Tanga mjini. Mnyama mkubwa niliyewahi kumkimbiza ni kuku wa Idi, na yule kuku alinishinda. Lakini Baba alishaongeza sentensi ya pili: mwezi ujao anakwenda Tanzania kuwinda na wenzake anaokaa nao majlis, baraza lao la jioni, vibali vyote tayari, na atamchukua mtu mmoja anayeijua kazi.

"Kuwinda?" nikasema, nikacheka kidogo kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuvaa viatu. "Baba, mimi nimekulia porini. Babu yangu mwindaji, baba yake babu mwindaji."

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani.

Msinihukumu kwanza. Miaka mitatu kabla ya foleni ile, nilimuaga mama yangu kwamba nakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya rafiki, siku chache tu. Nikabeba kibegi cha mgongoni ili asishtuke. Simu iliyofuata niliipiga nikiwa Doha. Alikuwa amenikatalia katakata kuja Uarabuni, na mimi kwa akili zangu nikaona nidanganye kwanza, radhi nitaomba nikishafika. Mama aliposikia nipo wapi alimrudishia mdogo wangu wa kike simu, na tangu siku ile hakunitamkia neno. Hata moja! Mdogo wangu akawa ananiweka kwenye spika ili mama asikie sauti yangu. Mimi naongea peke yangu kama mtangazaji wa redio, habari za joto, habari za gari, na upande wa pili nasikia ungo tu. Shwa, shwa, mama anapepeta mchele. Likizo yangu nayo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mtu asiye na radhi ya mama yake hata chakula hakimpiti vizuri kooni, na nilikuwa nimechoka. Kwa hiyo angeniuliza Baba kama najua kurusha ndege, ningemwambia ninayo leseni.

Siku ya pili akanipa simu yake, picha tatu. "Chagua."

Mtume! Nilidhani ataniambia bunduki, kumbe upinde. Tena si upinde wa kuvuta kwa mkono kama wa kwenye ngoma. Huu umelazwa juu ya kitako kama cha bunduki, una triga, una hata kidarubini juu yake. Mmoja ulikuwa wa bei ya kutisha, mmoja wa bei ya kati, na mmoja wa bei ya chini kabisa. Jicho la Baba nililiona lilipotua.

"Mambo haya hayataki haraka," nikamwambia. "Nipe mpaka Jumamosi."

Ijumaa nikakimbilia mtaa wa Najma, kwa rafiki yangu Mkenya, mlinzi wa jengo moja la ofisi. Ni Mkamba, na sifa ya Wakamba kwa upinde tumeisikia wote. Nikamkuta amelala kitanda cha chini, sare za wenzake watano zimening'inia juu yake.

"Nyinyi si ndio wenyewe wa mishale?" nikamwambia. "Nifundishe, bwana, maji yamenifika shingoni."

Akanitazama kwa huruma. "Manze, mimi nimezaliwa Umoja, Nairobi. Upinde niliona nikiwa primary, tulipelekwa museum. Na ilikuwa ndani ya kioo."

"Babu yako je?"

"Babu alikuwa karani wa reli."

Tukatazamana, mjukuu wa karani na mjukuu wa cherehani, tukacheka mpaka jirani wa kitanda cha juu akatutukana. Kisha tukafungua video. Tulitazama mchana kutwa, na nikiri tu kwamba nilijifunza. Upinde wa bei ndogo usiuamini unapojisifu kasi. Uangalie kama kizuizi cha triga kinajifunga chenyewe ukishautega. Uwe na kamba ya kutegea yenye vishikio viwili, ili uzi uvutwe sawa pande zote, la sivyo mshale utakwenda kwa jirani. Mishale iwe ya uzito ule uliotajwa na mwenye kiwanda. Ukiweka myepesi ukijiona mjanja, unauumiza upinde. Uzi upakwe nta. Na jambo moja kila mtu kwenye video alilirudia hadi akatuchosha: usifyatue kamwe bila mshale, maana ile nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale inarudi kwenye upinde na kuupasua.

"Ni mjinga gani anaweza fanya hiyo?" rafiki yangu akauliza.

"Wapo," nikasema, "dunia ina watu."

Jumamosi nikampelekea Baba hukumu yangu: wa bei ya kati. Wa bei ya chini nikamwambia ni wa kuulia ndizi. Akanijibu kwamba yeye haendi kuua tembo, na atautumia mara moja tu. Nikamwambia kizuizi, nikamwambia vishikio viwili, nikamwambia nta. Nilimwaga elimu ya Najma yote. Nikachukua na mpini wa fagio nikamwekea begani kupima kama mkono wake unafika kwenye triga bila kujikunja. Dada wa Uganda anayepika akachungulia dirishani, akarudi ndani haraka kwenda kucheka. Mimi jambo moja tu lilinishangaza: Baba akilenga na ule mpini, alikuwa anafumba macho yote mawili.

"Jicho moja, Baba."

"Najua!" akafoka.

Mwisho akanunua wa bei ya chini. Nikausifia, ningefanyaje?

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya Alasiri, tukaenda kwenye shamba lake nje ya mji, palipo na mitende, mbuzi wachache na ukuta mrefu. Nikajaza gunia mchanga na nguo kuukuu, nikaliegemeza kwenye kichuguu cha mchanga, nikahesabu hatua ishirini. Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki. Upinde hata hakuugusa. Mishale sita nikaipanga juu ya mkeka karibu na miguu yake, kwa madaha.

"Piga wewe kwanza," akasema. "Nikiridhika, tiketi yako naikata leo. Lakini sikiliza: bila Bismillahi nyama ni haramu. Jina la Mungu ulitaje pale pale unapofyatua, si kabla, si baada. Na nataka niisikie."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mimi upinde siujui, lakini madrasa nimesoma, na kusoma kwangu kulikuwa kunasifiwa. Nikaona Mungu kanifungulia mlango: kama kulenga kutanishinda, basi Bismillahi yangu itamteka Baba moyo. Nikatia mguu kwenye kitanzi cha mbele, nikavuta kamba kwa mikono miwili, mgongo ukalia, uzi ukaingia mahali pake, ta! Nikainua. Nikaweka jicho kwenye darubini, nikaliona gunia limekuja karibu. Namwona mama na ungo wake. Nikavuta pumzi kama kadhi.

"Bismillahi, Allahu Akbar!"

Nikafyatua.

Loh! Ule mlio sitausahau. Ulinilia sikioni kama ubao unaovunjwa kwa goti, mikono ikafa ganzi, na nilipofumbua macho, bawa moja la upinde lilikuwa limepasuka, uzi unaning'inia. Niliitaja Bismillahi kwa herufi zake zote na mivuto yake yote. Mshale tu ndio niliousahau.

Baba alikuwa anatazama gunia. "Umepata?"

Na mimi, jamani, hata pale sikukoma. "Umepenya, Baba. Umetokea upande wa pili."

Akainuka. Akatembea hatua zote ishirini, akalizunguka gunia, akainama, akachimbua mchanga kwa kidole, akalizunguka tena. Mimi nimesimama na kipande changu cha upinde, natamani ardhi inimeze. Akarudi polepole, akasimama juu ya mkeka, akahesabu kwa kidole.

"Ilikuwa sita," akasema. "Na bado iko sita."

Nikakaa chini kwenye mchanga. Uongo wote ukaniishia. Nikamwambia kweli yote kwa Kiarabu changu cha kuokoteza: kwamba sijawahi kuwinda hata panya, kwamba babu alikuwa akishona kanzu, kwamba nilitaka tiketi tu nikamwangukie mama yangu miguuni, kwa sababu nilimtoroka kwa uongo na sijasikia sauti yake miaka mitatu. Nilipofika hapo kwenye sauti nikalia, tena kwa kwikwi, na wala sikujali.

Baba akarudi kwenye kiti chake. Akatoa simu, nikadhani anatafuta namba ya mtu wa kunirudisha kwetu moja kwa moja. Kisha tumbo likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Alhamdulillahi umevunjika," akasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuua hata mbuzi. Damu siiwezi. Niliwaambia majlis kwamba nilipokuwa kijana nikiwinda kwa upinde, basi, maneno ya kahawa, nao wakayashika. Nilitaka mtu anayejua, apige yeye, mimi nisimame karibu." Akafuta macho. "Sasa tutakwenda, na nitawaambia dereva wangu ameuvunja. Na wewe lazima uje, wakikuuliza ukiri. Kusema uongo unajua. Huu hata si uongo."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

"Mpigie mama yako," akasema. "Sasa hivi."

Nikamweleza kwamba haisaidii, mama hanijibu, ataendelea na mchele wake. Akaninyang'anya simu. Mdogo wangu alipopokea na kusema, "Kaka, upo spika," Baba akaisogeza simu mdomoni, akatoa salamu kwa sauti yake ile ya kuamrisha: "Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ya hajja!"

Ungo ukasimama.

Mama yangu anaweza kuninunia mimi mpaka Kiyama, lakini salamu ya Muislamu hawezi kuiacha hewani bila jibu. Nikamsikia anajikohoza. "Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," akasema, kwa ukwaruzo ambao sikuujua, sauti ya mtu aliyezeeka bila mimi. Baba akanirudishia simu, akaondoka kwenda kutazama mbuzi wake.

"Mama," nikasema. "Ni mimi. Huyo ni bosi wangu. Nakuja."

Nikadhani ungo utaanza tena.

"Uliniambia harusi ikiisha utarudi Jumapili," akasema. "Jumapili ile nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikakaa nje mpaka watu wakatoka msikitini Isha. Wakaniuliza, unamngoja nani? Nikasema mwanangu yupo njiani. Jumatatu nikakaa tena."

Hilo nilikuwa silijui. Mdogo wangu hakuwahi kuniambia, na mimi miaka yote ile nilidhani mama ana hasira tu.

"Nisamehe, mama yangu."

"Kwenye simu sisamehi mtu. Njoo."

"Nakuja, mama, mwezi ujao, Baba anakata tiketi leo, itakuwa kama tarehe—"

"Siku usinitajie!" Sauti ikapanda, kisha ikashuka. "Njoo tu, mwanangu. Siku usinitajie, nisije nikakaa tena pale nje."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa na maneno mengine tayari, mengi na matamu, nikayaacha.